Penalti Mbele ya Mama Mkwe

Niliondoka mji wa Wote kwa sababu sikuwa na hiari. Mimi ni straika, kazi yangu ni kufunga magoli, na msimu huo niliyafunga machache hata naona haya kuyataja. Nimechezea klabu za Nairobi, nimevuka mpaka nikacheza Tanzania, goti likapasuliwa, nikarudi nyumbani kuchezea timu yetu ya Makueni, ambayo nayo ilikuwa inachechemea kama mimi. Ilibaki mechi moja, ugenini, na watu wa Kitui. Sare ingewatosha wao. Sisi ilikuwa tushinde ama tushuke daraja.

Kocha Wafula ni mtu wa Bungoma na kubembeleza hakumo kwake. Aliniita kando baada ya mazoezi. "Mutinda, tukibaki ligini nakupa msimu mmoja tena. Tukishuka, naanza upya na vijana, na wewe utatundika njumu. Nakwambia mapema ndio usiseme hukuambiwa."

Straika wa umri wangu akiachwa na timu iliyoshuka, hakuna kocha mwingine anayempigia simu. Na mimi sijui kazi nyingine. Nimejaribu kufuga kuku, wakafa wote.

Halafu ikaja habari kwamba uwanja wa Kitui mjini unakarabatiwa, kwa hivyo mechi itachezewa Zombe. Wenzangu walilalamika juu ya vumbi na umbali. Mimi nilikaa chini. Zombe ndiko kwao Mwende, mke wangu, na mama yake anaishi karibu na soko, mahali unaweza kusikia filimbi ya refa ukiwa jikoni.

Kwetu Ukambani kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima na haya kwa pamoja, na hakuna mahali inauma kama kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Tangu nimwoe Mwende sijawahi kumshika mama yake mkono, sijala mbele yake, na tukikutana njiani mimi ndiye natoka njiani, naingia kichakani na miiba yake, nageukia kando mpaka apite. Pasta wetu anahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Pasta huyo huyo nimemwona sokoni akimkwepa mama mkwe wake nyuma ya magunia ya ndengu. Sasa hebu fikiria mimi mbele ya mama wa watu, nimevaa kaptura, natokwa na jasho, nakimbizana na wanaume wenzangu.

Ijumaa asubuhi, Wote. Mwende alinikunjia nguo akanicheka. "Mama na mpira wapi na wapi? Atakuwa shambani kwake. Wewe enda ufunge goli, baba, wachana na mama yangu." Nilitaka sana kumwamini. Basi tulilokodi lilikuwa la shule, na viti vyake ni vya watoto, kwa hivyo sisi warefu tulikaa magoti yakigusa kidevu.

Kathonzweni hadi Makindu hakuna aliyeongea sana. Kocha alikaa mbele na hakugeuka hata mara moja. Musyoka, kipa na nahodha wetu, alijaribu kuanzisha wimbo wa kanisani, watu wawili wakaitikia, wimbo ukafa. Tulipita Kibwezi tukaacha barabara kubwa ya Mombasa, tukashika ile ya kwenda Kitui. Hapo nchi inakuwa nyekundu na kavu, na upepo unaoingia dirishani unachoma.

Kwenye daraja la mto Athi dereva alisimama injini ipoe. Tulishuka tukanyoosha miguu. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai. Musyoka alinisogelea. "Mbona umenyamaza hivyo? Ni goti?"

"Goti liko sawa."

"Ni Zombe?"

Niliokota jiwe nikalitupa majini, lakini yeye pia ni Mkamba na ana mama mkwe wake Mbooni. Aliniangalia akasema tu, "Ngai," yaani Mungu wangu, akarudi ndani ya basi.

Ikutha, kisha Mutomo. Saa sita mchana, jua la kupasua mawe. Akina mama walikuwa wamechimba mashimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakichota maji kwa kikombe polepole. Nikawaza, mama mkwe wangu pia ana mto wa kuchimba, ana mbuzi, ana shamba. Mtu mwenye kazi hivyo hana nafasi ya mpira. Nilijifariji hivyo mpaka Kitui.

Jioni, Kitui mjini. Tulilala hosteli ya kanisa. Mama mwenye hosteli alitupikia muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akatuambia wazi kwamba yeye anaombea timu ya Kitui. "Lakini nyinyi nitawaombea mfike nyumbani salama," akasema, na wote tukacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kabla sahani haijaisha akaingia Kyalo, shemeji yangu, mdogo wake Mwende, kijana wa bodaboda asiyejua kuficha kitu.

"Shem! Kesho tunakuja kukuona!"

"Mnakuja nyinyi na nani?"

"Mimi na mama. Ameshasema anakuja. Ameazima hata mwavuli."

Niliweka sahani chini. Nilimwambia, "Kyalo, mwambie jua ni kali." Akasema ndio maana ameazima mwavuli. Nilimwambia mpira wa siku hizi una fujo. Akasema atakuwa na akina mama wenzake wa kanisa. Kumkataza mama mkwe jambo pia ni kukosa nthoni. Usingizi haukunijia vizuri.

Jumamosi, Zombe. Uwanja ulikuwa wa shule, hauna nyasi hata za kulisha mbuzi mmoja, na watu walikuwa wamejipanga pande zote mpaka kwenye mistari. Ilikuwa siku ya soko, kwa hivyo wauza mifugo nao walikuja na fimbo zao. Nilitafuta mwavuli kando ya uwanja sikuuona. Nikashukuru Mungu. Refa akapuliza.

Kwa nusu saa nzima nilicheza vizuri kuliko nilivyocheza mwaka mzima. Goti lilinyamaza. Kisha winga wetu akampita beki upande wa kulia, akapiga krosi ya chini, tamu, ikampita kipa. Goli tupu. Nilichohitaji ni kuugusa tu. Nikakimbia, nikainua macho, na nyuma ya goli, katikati ya wale akina mama wa kanisa, mwavuli wa kijani ukainuka na chini yake alikuwa mama yake Mwende, ananitazama usoni.

Nikampisha.

Wallahi sijui niseme vipi. Miguu yangu haikuniuliza. Ilifanya kile imefanya miaka yote nikikutana naye njiani, ilitoka njiani, na mpira ukapita pale nilipostahili kuwa, ukatoka nje. Uwanja wa Zombe ulicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Mapumziko. Kocha Wafula alikuwa ananisubiri mstarini. "Mutinda! Umeukimbia mpira! Nimefundisha watu wengi, wabaya, wavivu, walevi, lakini mtu wa kuukimbia mpira goli likiwa tupu sijawahi kuona! Wamekununua?"

Vijana wa Kikamba wote waliangalia chini. Walikuwa wameelewa, na walinionea haya. Musyoka ndiye alisema. "Kocha, yule mama mwenye mwavuli ni mkwe wake."

Kocha aligeuka kuutafuta mwavuli. Akavua kofia. Kwao Bungoma pia mambo hayo yako, na mazito kuliko yetu. "Nyuma ya goli?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mama mkwe mwenyewe? Aisee. Pole." Akatembea kidogo, akarudi. "Basi nakutoa. Hata mimi nisingefunga."

Nilimshika mkono. "Kocha, tunabadilisha magoli. Kipindi cha pili yeye atabaki huku kwa Musyoka, mimi nitakuwa kule. Niachie. Ukinitoa leo nimekwisha, unajua." Aliniangalia goti, akaniangalia uso. Akaniacha.

Kipindi cha pili hakikuwa na dakika nyingi niliposikia watu wakipisha njia kando ya uwanja. Mwavuli wa kijani ulikuwa unatembea. Taratibu, na Kyalo mbele akiufungulia njia, na akina mama wenzake wawili nyuma, ukazunguka uwanja wote ukaenda kusimama nyuma ya goli lile lile nililotakiwa kulifunga. Nilitaka kulia. Kwa nini, mama? Nimekukosea nini? Kuanzia hapo kila niliposogea eneo la hatari shingo ilikuwa nzito. Nilipiga mashuti ya mbali, ovyo, ya mtu anayetaka kuondokana na mpira. Kocha aliangalia saa, akamwambia kijana mmoja avue tracksuit.

Na ndipo beki wao akamkwatua winga wetu ndani ya boksi. Penalti. Bado tulikuwa sufuri kwa sufuri na refa ameshaanza kuangalia saa yake.

Mpiga penalti wa timu ni mimi. Niliuchukua mpira nikauweka, na sikuweza kuinua kichwa. Nilijua aliko, kimo cha macho yangu, nyuma ya kipa kabisa. Kupiga mpira kwa nguvu kumwelekea mama wa mke wangu! Musyoka alikimbia kutoka golini kwake uwanja mzima. "Nipe mimi," akaninong'oneza. Musyoka hajawahi kupiga penalti. Nilitaka kumpa, nasema ukweli. Nilishaokota mpira.

Kisha kelele za nyuma ya goli zikapungua, nikatazama. Mama mkwe alikuwa amemkabidhi Kyalo mwavuli. Alijifunika kichwa kwa leso yake, akageuka polepole akanipa mgongo, akasimama kutazama barabara ya sokoni. Wenzake wawili wakamtazama, wakaelewa, wakageuka na wao. Migongo mitatu ya leso, na watu wote wa Zombe wakitazama upande huu.

Alikuwa amenipisha.

Nikamwambia Musyoka arudi golini. Nikaweka mpira. Nikarudi nyuma, nikakimbia, nikapiga kwa mguu wa kushoto, chini, kando ya mlingoti. Kipa akaenda kulia. Ukaingia. Wenzangu walinirukia mpaka nikala vumbi, lakini uwanja ulinyamaza, maana goli lilikuwa la wageni. Nilipoinuka yeye bado alikuwa amesimama vile vile, anatazama barabara. Refa akamaliza mechi. Kocha alinipiga kofi la mgongo.

Saa kumi na moja, nyumbani kwao Mwende. Basi lilisimama sokoni watu wapate chakula, nami nikavaa suruali ndefu nikaenda kusalimia. Nilikaa sebuleni peke yangu. Yeye alikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta, na Kyalo akawa anabeba maneno kama kawaida yetu. Alibeba chai, akabeba salamu za Mwende na watoto. Kisha akaja akijikuna kichwa. "Mama anauliza goli liliingia vipi."

Nikamweleza. Akaenda. Nikamsikia huko akisema, "Alipiga tu, likaingia." Tu? Goli la kunirudishia maisha linaambiwa tu? Hasira ya straika ilinipanda nikasahau niko wapi, nikasema kwa sauti kuelekea ukutani: "Sio hivyo! Kyalo hajui kitu. Kipa alikuwa anasogea, mama. Alikuwa mjanja, anataka nipige haraka. Nikamsubiri."

Kyalo alichungulia macho yamemtoka. Mimi mwenyewe moyo ulikuwa unadunda kuliko kwenye penalti.

"Mguu gani?" Sauti ilitoka ng'ambo, ya chini, na haikupitia kwa mtu.

"Wa kushoto, mama."

"Na yule kijana wa golini akaenda wapi?"

"Kulia. Alianguka mikono imenyooka. Mpira ulipita hapa, kando ya mlingoti, chini kabisa, ukaburuta vumbi."

"Chini kabisa," akarudia. Nikasikia kijiko kikikoroga sufuria. "Huwa wananiuliza kanisani mume wa Mwende anafanya kazi gani. Nilitaka niione. Nilizunguka kule ili niione vizuri."

Nilisema asante, na hilo neno nililisema vibaya.

Jumapili tulirudi kwa njia ya Kabati na Machakos. Kabati tulinunua maembe, kocha akaniwekea mfuko mapajani akasema mazoezi ni mwezi ujao, nisichelewe. Njiani nilifikiria jambo moja tu. Miaka yote nilidhani nthoni ni mzigo wangu, mimi ndiye naingia kwenye miiba, yeye anapita tu. Sikuwahi kujiuliza yeye anaikosa nini. Siku hiyo alitoka nyumbani kwake kwenye jua lile kuona kitu kimoja, kikafika, akageuka ili mimi nipate kukifanya. Hilo ndilo nililojifunza Zombe, na nimechelewa kulijua.

Jioni, Wote. Mwende alinipokea mlangoni simu ikiwa bado sikioni, akicheka, akaikata. "Ni shangazi. Anasema mama leo ametoka ibadani akawasimulia akina mama goli lako lote. Mguu wa kushoto, kipa ameanguka kulia, mpira umepita chini ukiburuta vumbi. Anaonyesha hata kwa mikono! Kwani alisimama wapi akaona vizuri hivyo?"

"Nyuma ya goli," nikamwambia. "Hakuna aliyekuwa karibu kuliko yeye."