Karani Asivuke Peke Yake

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ushirika wa wachongaji vinyago, na siku moja kamati ilijadili kifo changu kwa saa nzima, nami nimeketi pale pale nikiandika kumbukumbu za kikao. Sentensi yenyewe naikumbuka hadi leo: "Kifo cha karani kilijadiliwa. Hakuna aliyepinga."

Chanzo kilikuwa kompyuta. Mnunuzi wetu mmoja wa ng'ambo alikuwa ametupatia yake kuukuu, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na taratibu nikahamishia ndani yake majina ya wanachama, nani huchonga twiga na nani vifaru, na anwani za wanunuzi wote. Kisha akaja afisa wa serikali wa ukaguzi wa ushirika. Aliizunguka ile mashine mara mbili bila kuigusa, akarudi kwake, akatuandikia barua. Siri za wanachama zilindwe. Neno la siri la kufungulia kompyuta lijulikane na mtu mmoja tu, lisiandikwe popote, na mtu wa nje asijue ni nani mwenye nalo. Chama kihakikishe usalama wa neno hilo wakati wote, la sivyo kitafutiwa usajili.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi yoyote yenye muhuri. Aliisoma mara tatu, akavua miwani.

"Hilo neno liko wapi?"

"Kichwani mwangu, mzee."

"Basi cha kulindwa ni kichwa."

Ndipo wakaanza kuniua kwa mdomo. "Tuseme karani amegongwa na gari," alisema mweka hazina. "Mungu apishe mbali, lakini tuseme." Ikapitishwa kwamba nisivuke barabara kuu ya Jogoo Road peke yangu. Nilikuwa nimepanga chumba Buruburu na ofisi ilikuwa ng'ambo ya pili, kwa hiyo kila asubuhi mchongaji mmoja mzee, mtu wa maneno machache, alinisubiri kando ya barabara na tezo yake ya kuchongea begani. Aliinua mkono, magari yakapunguza mwendo, nikavushwa. Makanga wa matatu pale stejini hawakunipa nafasi ya kupumua kwa utani.

"Sasa madam! Huyo ni bodigadi ama ndiye buda, babako?"

Ikapitishwa pia kwamba nisile mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa kando ya njia, kwa ajili ya tumbo. Hilo liliniuma kuliko kile kifo. Mutura wa Ijumaa jioni ndio uliokuwa starehe yangu ya pekee mjini, na watu wazima sita waliinua mikono kuupiga marufuku. Nikasema najiuzulu. Mweka hazina akauliza, kwa upole kabisa, nikijiuzulu kichwa kitabaki na nani.

Halafu dereva wa basi la kwetu Ukambani akaniletea ujumbe kwamba nyanya yangu ameacha kula. Nyanya ndiye aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Kila nilipoenda likizo aliniuliza swali moja tu, nitaolewa lini, maana hakutaka kufa akiniacha sina mtu. Niliomba ruhusa ya siku tatu. Kamati ikakaa.

"Tunakuhurumia, binti yangu," alisema mwenyekiti. "Lakini ile barabara ya kwenda kwenu inaua."

Nililia mbele yao kwa hasira, nikawaambia nyanya yangu hangojei muhuri wa mtu. Wakanong'onezana, wakaamua mwenyekiti na mweka hazina wanisindikize. Mtu akauliza, basi likipinduka na wote watatu? Ikaamuliwa mwenyekiti apande nami, mweka hazina afuate na basi la pili. Nikauliza, mweka hazina akifika salama nasi tumekufa, kompyuta ataifungua na nini? Mwenyekiti akasema hilo litajadiliwa kikao kijacho.

Kwa mgonjwa huendi mikono mitupu, kwa hiyo mwenyekiti alibeba sukari, majani ya chai na blanketi. Alivaa koti. Faili la chama alilibana kwapani, maana halikuruhusiwa kuachwa. Nyanya alikuwa amelala kaelekea ukutani. Aligeuka, akaliona koti, akaiona sukari, akaliona faili, akainuka akaketi. Shangazi aliyemuuguza alisema siku nne zote hakuwa ameketi.

"Wamekuja," alisema nyanya. "Wamekuja kuposa."

Mwenyekiti alinitazama, jasho likimtoka. Barua ilimkataza kueleza kilichomleta. Wakati huo huo mweka hazina akaingia akihema, akaomba radhi kwa kuchelewa.

"Bado wengine wanakuja?" Nyanya aliuliza, macho yakimng'aa. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Haya, mwanangu. Mnamtakia nini mtoto wangu?"

"Mama," alisema mwenyekiti, akitafuta neno moja moja, "huyu ana kitu ambacho kwetu hakuna mwingine anacho. Tukimpoteza, tumekwisha."

"Na mtamtunza?"

"Hata barabara havuki peke yake," alisema mweka hazina. "Hata chakula, tunaangalia anachokula."

Nyanya alicheka hadi akakohoa. Akaomba uji, akaumaliza. Uongo haukusemwa hata mmoja mle chumbani, nami nilitamani kucheka na kupiga mayowe kwa pamoja. Hakuuliza bwana harusi yuko wapi. Tulirudi Nairobi, na baada ya siku tano akafa usingizini.

Kamati nzima ilikuja kuzika, kwa mabasi mawili. Kijijini waliwaita wakwe. Kikao kilichofuata niliandika, herufi zikinichezea machoni, kwamba ahadi ilitolewa kwa nyanya ya karani na kwamba inakifunga chama. Ilipendekezwa, ikaungwa mkono.

Mwaka uliofuata kompyuta iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Fundi akasema haina tena cha kufungua. Neno langu likawa halina kazi, na jioni ile nilikula mutura nikiwa nimesimama, nikaona nimekuwa huru.

Asubuhi mchongaji mzee alikuwa pale pale kando ya Jogoo Road, tezo begani.

"Mzee, hukuambiwa? Mashine imekufa. Sina siri tena."

"Mambo ya mashine mimi siyajui," alisema. "Tulimwambia nyanya yako."

Akainua mkono, magari yakapunguza mwendo. Nilivuka nikilia.