Kitambaa cha Televisheni ya Bibi

Juzi Kihonda niliona televisheni ya chogo, zile nene za zamani, nje ya duka la fundi, kuku kaatamia juu yake. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Ngoja nikusimulie, ucheke na wewe.

Kwa bibi yetu, Bigwa, televisheni ilikuwa mgeni wa heshima. Ilikaa sebuleni imefunikwa juu mpaka chogoni kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kimetiwa wanga mpaka kikakakamaa. Picha ilikuwa safi, ila sauti ilikuja ikijisikia. Ilianza vizuri, halafu ghafla kimya, watu wanachezesha midomo tu. Tuliizaba makofi ubavuni, wapi.

Ndipo kwaya ya kigango ikarekodiwa, tukaambiwa itaonyeshwa Jumapili mchana. Bibi ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, na maishani mwake hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chombo. Aliitamani siku hiyo kama mtoto anavyoitamani Krismasi. Akamwita jirani yetu, fundi redio. Fundi alikaza nyaya za spika, akawasha, akangoja huku akila mihogo yetu ya kuchemsha. Sauti ilipokata alishika chogo, akaunguza vidole. Kumbe kitambaa kiliziba matundu, na joto lililegeza kiungo cha ndani. Kipuri mpaka Dar.

"Shida yake ni joto, mama. Iache wazi ipumue."

Wiki nzima ikakaa wazi, sauti haikukatika.

Jumapili kwaya nzima ikajazana sebuleni, pilau inanukia mpaka barabarani. Asubuhi, kabla hawajafika, bibi alikuwa ameitazama televisheni yake, akaona haya.

"Wageni waikute uchi?"

Akaifunika kwa kitambaa kipya cha sherehe.

Kwaya ikatokea. Bibi wa kwenye kioo akavuta pumzi, akafungua kinywa, sauti ikakata. Fundi alirukia kitambaa, lakini joto halipoi kwa kuharakishwa. Tukamgeukia bibi, roho mkononi. Yeye akajiweka sawa kitini, akaanzisha wimbo. Wenzake wakadakia, besi zikatikisa vikombe, nasi watoto tukacheza katikati yao. Wapita njia wakajaa dirishani. Sauti ya televisheni ilirudi kwenye tangazo la sabuni, tukavunjika mbavu, bibi akicheka kuliko wote.

Kipindi kile hakikurudiwa. Siku hizi kwaya ya kigango imo kwenye simu yangu, naisikiliza nitakapo. Sauti ya bibi haimo popote. Aliondoka duniani bila kuisikia sauti yake. Sisi tuliisikia.