Marinda ya Kompyuta

Fundi cherehani wa mtaa ule aliitwa Mama Marinda, na jina hilo hakulipata kwa kushona magauni. Alilipata kwa kuvisha kompyuta.

Zamani hizo kompyuta ikiingia nyumbani ilipokewa kama bibi harusi. Ilikaa sebuleni na kichogo chake kirefu, na hakuna aliyethubutu kuiacha wazi ipigwe vumbi. Mama Marinda alifika na futi yake shingoni, akapima kichogo, akapima sanduku lake, akapima kibodi, akashona nguo tatu za rangi moja, zenye lastiki na marinda. Ikizimwa tu, inavishwa.

Kisha zikaja za kioo bapa. Nguo zikawa zinateleza na kuanguka. "Haina kichogo, nguo itashika wapi?" alilalamika. Zilipokuja za kukunja, akashona mikoba yenye zipu. Kazi ikawa ya kusuasua.

Juzi binti yake alileta kompyuta mpya, nyembamba kama sinia, ya kufanyia kazi za ofisi hapo hapo sebuleni. Mama akachukua futi mbio.

"Mama jamani! Siku hizi hazivishwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Watanicheka."

Mama akaikunja futi, akarudi kwenye cherehani. Siku hiyo hakuimba. Kavisha kompyuta za mtaa mzima, leo ya mwanawe ndiyo imkatae!

Kesho yake binti alikuwa kikaoni, bosi na wenzake wamejaa kwenye kioo. Walipopumzika kidogo, akaenda jikoni kumimina chai, akidhani kamera ameizima. Baba mtu akatoka kuoga, taulo kiunoni, akakatiza sebule huku akijikuna mgongo.

"Shikamoo, mzee!" ilisema sauti ya bosi.

"Marahaba!" Akageuka huku na huku. "Nani wewe? Karibu ndani!"

Binti alitoka jikoni mbio, akaziba kamera kwa kiganja. Mama Marinda alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kumbe hicho kitundu ndicho kinachoona?"

"Ndicho, mama."

Safari hii hakuhitaji futi. Alipima kwa ncha ya kidole. Chai ya binti haijapoa, kofia ya kitambaa ikawa tayari, ndogo kama kifungo cha koti, ina lastiki, na marinda yake pembeni.

Binti aliigeuzageuza mbele ya kamera, akatabasamu, akaivisha kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, bosi naye anataka. Ya bluu."

Cherehani ikaanza kulia, na mwenyewe akaanza kuimba.

"Anza na ya akiba ya hapa nyumbani," baba akadakia kutoka chumbani. "Mimi sitoki humu mpaka niione!"