Majivu ya Mama Lusia

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyokataa mbele ya ukoo mzima kuitwa mtoto. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kule milimani juu ya Ilula. Nilikuwa nimerudi na diploma ya kilimo, wa kwanza kijijini kwetu. Hakuna aliyenisomesha, nilibeba magunia ya mpunga kule mashambani Ubaruku mpaka bega likaota sugu. Basi nikijisifu nivumilie, sifa hizi sikuziazima.

Nilikuta ukoo umekusanyika kwa baba mkubwa. Mahindi ya kila shamba yalikuwa yameungua kingo za majani, kuanzia majani ya chini, kana kwamba yamepitishwa motoni. Shamba moja tu lilikuwa la kijani: la Mama Lusia, mjane wa ndugu yetu, aliyeolewa kutoka Njombe. Tena alionekana alfajiri akinyunyiza majivu shambani. Kwetu majivu humwagwa njiani, nje ya kiwanja. Anayeyapeleka shambani anatafuta nini?

"Anavuta nguvu za mashamba yetu," baba mkubwa alisema. "Kesho arudi kwao."

"Baba, kwetu kila mtu hufanya hivi," Mama Lusia akajibu. "Na watoto wa marehemu je?"

"Watoto wanabaki. Ni wetu."

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Pale lilikuwa linaharibika, nami nikiliona. Nikasimama, wazee wameketi! Nikawaambia mahindi hayakurogwa, yana njaa. Kila mavuno tunang'oa mabua, tunayachoma jikoni, kisha majivu tunayatupa. Na humo ndimo ilimo potasiamu, chakula kinacholipatia bua nguvu na punje uzito. Tumeilisha njia, shamba tukalinyima.

"Keti, mtoto! Kumbe diploma yenyewe ni ya jikoni!" baba mkubwa akasema. Wakacheka mpaka wakapigana mabega.

"Iwe ya jikoni, baba mkubwa, lakini mimi si mtoto. Nipeni msimu mmoja. Nitatia majivu shamba aliloniachia baba. Mahindi yakiungua, mtufukuze mimi na huyu mama, na shamba mlichukue."

Wakakubali upesi. Shamba lile walilitamani siku nyingi.

Nilipita jiko hadi jiko na debe, wakaniita Bwana Majivu. Nikayachanganya na udongo kabla ya mvua, kwa kiasi, maana majivu yakizidi nayo huharibu. Mvua zikaja. Ya wenzangu yakaungua tena; yangu yakasimama kijani mpaka jani la mwisho chini. Mama Lusia akabaki na wanawe. Baba mkubwa hakuniomba radhi kamwe. Alikuja tu asubuhi moja na debe tupu.

"Bwana Majivu, hujabakiza kidogo?"

Nikamjazia, nikalishindilia kwa mkono.

Mwanangu, mkono mtupu haulambwi, na ardhi nayo haijui kulamba mkono mtupu. Ukivuna, rudisha. Ukiona jani limeungua, shika udongo kabla hujamshika jirani. Na ukiujua ukweli, usiukalie kwa sababu wakubwa wameketi. Mimi nilisimama, na leo wajukuu wa Mama Lusia wanalima hapa hapa.

Mungu akujalie magoti ya kuwaheshimu wakubwa, na ulimi usiopiga magoti mbele ya uongo.