Ukungu wa Bi Nedra

"Shika vizuri, Lowell! Unalishika kama unaogopa litakuuma."

"Siogopi sanduku. Nakuogopa wewe na hiyo drili."

Tulikuwa kwenye gereji ya Nedra Fulkerson, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimekwenda na koti langu zuri. Sanduku lenyewe lilikuwa la barafu, la marehemu mumewe Merle, alilokuwa akienda nalo ziwani kuvua samaki. Tangu azikwe lilikuwa limekaa tu pale juu ya rafu, na bado lilinuka samaki. Sasa mjane wake analitoboa tundu upande huu na tundu upande ule, makubwa ya kupitisha ngumi. Nikajua huyu mama ameshachanganyikiwa.

Kumbe hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anatengeneza ukungu wa Halowini, ile sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakigonga milango kuomba peremende. Mashine ya ukungu alikuwa nayo, hizo zinauzwa dukani, lakini moshi wake hutoka wa moto, nao moshi wa moto hupanda tu mpaka juu ya paa ukapotea. Nedra hakutaka hivyo. Alitaka ukungu ulale chini, utambae kwenye majani, ufunike viatu vya watoto. Na ili ulale chini lazima upoe, upite kwanza katikati ya barafu.

Mwanamke huyu aliendesha basi la shule la mji wetu maisha yake yote ya kazi. Nusu ya watu wazima wa hapa aliwahi kuwafokea wakae chini. Halafu alistaafu, mtaa wetu ukazeeka, wenye watoto wakahamia kwenye nyumba mpya kule upande wa pili wa reli. Halowini iliyopita alikaa na bakuli lake la peremende jioni nzima na hakuna mtoto hata mmoja aliyegonga mlango. Peremende zile tulizila mimi na yeye mpaka Krismasi.

Basi mwanawe Rodney, anayeishi mbali kule Arizona, akawa kila akipiga simu wimbo ni ule ule: Mama, hiyo nyumba ni kubwa, Mama, huku kuna chumba. Siku moja nimekaa jikoni kwa Nedra nakunywa kahawa, nikamsikia anamjibu.

"Rodney, tukubaliane. Halowini hii mtoto mmoja tu akigonga mlango, usinitajie Arizona tena. Asipogonga hata mmoja, njoo unichukue. Sitabisha."

Nikaweka kikombe mezani. Mimi hakuna aliyeniuliza. Tangu mke wangu afariki, jikoni kwa Nedra ndiko mahali pekee duniani ambapo mtu huniambia nifute miguu kabla ya kuingia. Kwangu naweza kuingia na matope mpaka kitandani, nani atasema? Kwa hiyo alipohitaji mtu wa kushika sanduku, nilishika.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Alipitisha bomba la bati katikati ya sanduku, akajaza barafu juu yake, akawasha mashine. Ukungu ukatoka vilevile wa moto, ukapanda mpaka madirishani, mpita njia mmoja akadhani nyumba inaungua. Gari la zimamoto likaja na ving'ora vyake. Akashuka kijana mmoja mkubwa kama mlango, na kofia yake.

"Bi Nedra! Kulikoni?"

"Kulikoni nini, Darrin? Unakanyaga maua yangu."

Akaruka pembeni kama vile bado ana miaka minane na yumo kwenye basi lake.

Nedra hakukata tamaa. Alitupa bomba, akachukua wavu wa banda la kuku, akauviringisha uwe kama handaki kutoka tundu hili mpaka lile, ili ukungu uguse barafu yenyewe. Vipande vidogo vya barafu vilikuwa vikiyeyuka upesi, basi akawa anagandisha maji kwenye maboksi ya maziwa. Friji yake ilijaa, akaja kujaza yangu. Wiki nzima sikuwa na pa kuweka nyama.

Tukajaribu tena, siku mbili kabla ya sikukuu. Jamani! Ukungu ulitoka mdomoni mwa sanduku mzito, mweupe, ukalala juu ya nyasi, ukaanza kuteremka taratibu kwenye mteremko wa ua mpaka barabarani. Nedra alishika mdomo.

"Lakini hii taa ya barazani inauharibu," akasema. "Unaonekana kama mvuke wa sufuria."

Akaizima, akaweka balbu ya kijani chini kwenye majani. Kweli, ulikuwa wa kutisha. Nikamwambia, hapo sasa umepatia.

Siku ikafika. Mji wetu watoto hupita kuanzia saa kumi na mbili jioni, na saa mbili king'ora cha mji kinalia, kila mtu anarudi kwao. Nedra alivaa kofia ya mchawi, akafunga mapazia, akasimama nyuma ya mlango na bakuli lake, tayari kufungua kwa kishindo mlango ukigongwa tu. Mimi sitoi peremende, nyumba yangu huwa giza na watu wanajua. Nikakaa dirishani kuangalia.

Wakaja! Kwanza wawili, halafu kumi, halafu sikuweza kuhesabu. Walikuwa wamesikia habari mpaka ng'ambo ya reli. Wanaingiza miguu kwenye ukungu na kuitoa, wanalala chini, wanapiga mayowe, wazazi wanapiga picha. Nikacheka peke yangu. Arizona wataisoma namba, nikasema.

Ila walikuwa wanaishia palepale barabarani. Nikangoja. Hata mmoja hakupanda kwenda mlangoni. Nikatoka barazani kwangu kusikiliza. Mtoto aliyevaa vazi la mifupa alitia mguu kwenye njia ya kwenda mlangoni, mama yake akamvuta. Alikuwa Tammy, naye alikulia kwenye basi la Nedra.

"Hapana, mpenzi. Taa imezimwa. Taa ikizimwa hatugongi, unajua."

Ile taa ya barazani! Tuliizima sisi wenyewe. Nikateremka ngazi na goti langu bovu, nimefika katikati ya barabara, king'ora kikalia. Wazazi wakawashika watoto mikono. "Subirini!" nikapiga kelele. "Gongeni! Yumo ndani!" Wakanitazama kama mlevi, wakaondoka na vindoo vyao vya peremende.

Nikagonga mimi. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Nedra na kofia yake, uso wote unang'aa.

"Ah," akasema. "Ni wewe."

Nikamweleza habari ya taa na maneno ya Tammy. Akaketi kwenye kiti cha kuvalia viatu, bakuli mapajani.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," akasema. "Kila mwaka, kwenye kipaza sauti cha basi. Nyumba yenye giza msigonge, mwenyewe anataka kupumzika. Tammy, umesema? Nilidhani yule alikuwa hasikilizi."

Simu ikalia. Rodney. Nikamnong'oneza, "Mwambie taa! Mwambie nimegonga mimi!" Akanipungia mkono ninyamaze.

"Hapana, mwanangu," akasema kwenye simu. "Hakugonga mtoto hata mmoja. Ndiyo. Nilisema sitabisha."

Nilikasirika, sifichi. "Kwa nini, Nedra? Walijaa pale nje! Walikuja kwa ajili yako!"

"Nimewasikia. Jioni nzima nimesimama nyuma ya huu mlango nawasikia wanacheka, nangoja. Sitaki kusimama hapa tena, Lowell. Inauma."

"Na mimi je?"

 Alinipa bakuli lote. Nje barafu ilikuwa bado inadondoka, na ukungu kidogo uliobaki ulikuwa unateremka barabarani, kuelekea kwangu.

"Nenda ukalale," akasema. "Na ufute miguu, umeniletea majani."

Nilikuwa natoka, si kuingia, lakini nikafuta.