Tulifuta tambiko la ngitili, ng'ombe wa mama wakaisha

Wakuu, salaam. Haya nimeyashuhudia mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Naishi Kambarage, Shinyanga mjini. Mama yuko kijijini, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na ngitili aliyoacha marehemu baba.

Kwa wasio wa huku: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza, majani yakue, lifunguliwe kiangazi kikikolea. Yetu haikuwa na uzio. Kila mwaka baba mdogo alimwaga pombe, akawataja wahenga, basi, imefungwa. Hakuna aliyeigusa.

Mwaka juzi mdogo wangu Kulwa akaokoka. Akasema mifugo yetu haitakula majani ya mizimu. Familia ikakaa kikao.

Mimi, msomaji wa vitabu vya hali ya hewa, nikaleta suluhu: tuache tambiko, tubaki na malisho. Kufunga majani ni sayansi tu.

Kulwa akaitikia, "Amina!"

Baba mdogo akacheka. "Haya, profesa. Hiyo sayansi yako ina fimbo?"

Mama aliniuliza moja tu: "Baba Neema, sasa watu wataogopa nini?"

Nikamjibu wataelewa.

Habari zilienea ndani ya wiki. Walianza kuingia mbuzi wachache, kisha makundi ya ng'ombe. Nilipomkabili jirani, hakuona hata aibu.

"Si mlisema wenyewe ni majani tu?"

Ilipofika mwezi wa saba, wakati wa kufungua, hapakuwa na cha kufungua. Na mvua, ambayo siku hizi haina ratiba, ikachelewa mpaka karibu na Krismasi. Kulwa alifunga na kuomba kwa dhati, simbezi. Tulinunua pumba, hazikutosha.

Ng'ombe wakafa mmoja mmoja, wamebaki wawili. Kulwa yuko machimboni Rwamgasa, anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Simu yake hupatikana mara chache.

Nilidhani imani ile ni ganda, nikalimenya. Kumbe ndiyo iliyokuwa uzio.

Nimemwomba baba mdogo arudishe tambiko. Amenijibu wahenga hawaitwi kama fundi bomba.

Kama kuna kijiji ambako kanisa au msikiti umechukua ulinzi wa malisho na watu wakatii, nielezeni mlianzaje. Karibuni, hata kwa lawama. Kiangazi hakiko mbali, na mama ameanza kuulizia bei ya hao wawili.