Mama Alianza na Alichokitaka

Watoto wa fundi cherehani hawakujua kugombana. Tangu baba yao afariki, jambo likiwagawa, mama aliwaita chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kukatia, akapambanisha mambo mawili mawili: mikono juu, na kilichoshindwa hakirudi. Yeye hakupiga kura, alitaja tu. Majirani walimsifu kwa haki yake. Hawakujua kwamba alichokitaka yeye alikitaja mwisho, mengine yakishamalizana.

Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Sindano ilipomtoboa kidole hadi upande wa pili, wanawe watatu walikuja kuamua aishi wapi: abaki na cherehani yake, ahamie kwa binti, au apelekwe makao ya wazee.

Kwa hofu, akaanza na lililo moyoni.

"Nibaki hapa, au niende kwa dada yenu?"

Mkubwa aliinua mkono abaki, hakutaka usumbufu. Binti naye vilevile. Kwake hapakuwa na nafasi, alisema, ingawa chumba kizima kilikaliwa na makochi. Wa kati peke yake alitaka aende, maana alikitolea macho chumba cha mbele afungue duka la simu.

Moyo wa mama ukatulia. "Nibaki, au makao?"

Mkono wa wa kati ulipanda. Wa binti ukafuata: mama akibaki, wa kumhudumia angekuwa yeye.

"Ngoja kwanza," mkubwa alimwambia dada yake. "Makao ni aibu. Tupambanishe makao na kwako, mimi na huyu tukushinde."

"Kwangu kulishashindwa, kaka. Au sheria ilikuwa ya kuchagua mapazia tu?" Binti akamgeukia mama, sauti laini kama anayemvisha mtoto shati. "Na wewe mama, leo imekuwaje? Miaka yote unachokitaka unakiweka mwisho. Ulidhani hatuoni?"

Fundi alitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa. Angeweza kuikana kura. Lakini wangerushiana maneno hadi mtaa mzima usikie, na hilo hakuwahi kuliruhusu.

"Kura imepita," alisema. "Watu wakiuliza, semeni nimechagua mwenyewe."

"Ndiyo maana tunakupenda, mama," alisema wa kati. "Hebu niazime futi yako."

Hakungoja apewe. Aliivuta kutoka shingoni mwa mama, akaanza kupima ukuta.